Bunduki Begani kwa Kaka

Usufi hauna uzito wa kusimuliwa. Kanda likijazwa usufi mpaka mdomoni, hata mgonjwa hulinyanyua kwa mkono mmoja huku akipiga soga. Ndiyo maana wahenga, walipotaka kutusuta sisi tunaopima taabu za watu kwa macho, walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiwa begani kwake huuoni uzito wake, na akigumia, wewe waona anadeka. Kinyozi mmoja aliyeitwa Domo aliijua methali hii tangu shuleni. Aliwahi hata kuiandikia insha, na mwalimu akaisoma mbele ya darasa. Haikumsaidia kitu.

Jina la Domo hakupewa bure. Mteja aliingia dukani kwake na nywele na siri zake, akatoka hana hata kimoja. Kaka yake mkubwa alikuwa mwashi, mtu wa maneno machache, aliyeuanza ujana wake kwa kupandisha matofali ngazini na kuumaliza papo hapo. Walizaliwa wawili tu. Baba yao aliwaachia bunduki moja ya kuwindia, ambayo kitako chake, ule ubao unaoegemezwa begani, alikuwa amekichonga kwa mkono wake kutoka mti mgumu mweusi. Ndugu hao wakakata kibali kwa majina yao wote wawili, lakini mlengaji alikuwa mmoja. Bunduki ilibebwa na kaka.

Kila msimu nguruwe pori walipoanza kushuka mashambani, wao walipanda milimani. Kaka alitangulia na bunduki. Domo alifuata na chupa ya maji, mkate na maneno. Mara kwa mara kaka alisimama penye jiwe au kisiki, akakiegemeza kitako hapo, akainua kidole. "Nyamaza," alisema. "Nasikiliza."

Domo alinyamaza, na si wengi duniani waliowahi kupata heshima hiyo. Alikipenda kimya kile. Aliupenda mgongo wa kaka yake ukiwa mbele yake, na pumzi zao zikipanda pamoja. Dukani alitamba, "Kaka yangu ana masikio ya paa! Hapigi hatua ishirini bila kusikiliza mlima."

Msimu mmoja ulipokaribia, kaka alimwomba amsindikize kwa fundi wa bunduki. Karakana ilinukia mafuta ya mbao na gundi, na watu kadhaa walikaa kwenye benchi wakingoja zamu zao. Kaka aliilaza bunduki juu ya meza.

"Nataka kitako chepesi," alisema kwa sauti ya chini.

Fundi aliinyanyua, akaitikisa, akaguna. "Huu mti ni chuma, mzee wangu. Naweza kuutoboa kwa ndani, lakini utapungua kidogo tu. Hiki hapa cha msonobari ni chepesi, ila siku moja kitapasuka shavuni mwako. Cha plastiki kipo. Kinalia kama debe, nguruwe watakusikia kabla hujaamka kitandani." Kisha akatoa kabatini kitako cha kijivu. "Hiki ni faibaglasi. Chepesi, na mvua haikifanyi kitu. Aibu yake ni moja. Uzito ndio unaomeza mshindo, sasa ukiuondoa, bunduki itakupiga teke. Lakini nikikutilia mpira mnene hapa nyuma, utaivumilia."

Kaka alikiweka begani kile cha kijivu, akafumba jicho moja, na uso wake ukakunjuka. Domo hakuwa ameuona uso huo kwa muda mrefu. Laiti angeishia kuutazama!

"Kaka!" alisema, akaichukua bunduki ya baba mezani, akaizungusha kwa mkono mmoja mbele ya watu. "Hii ndiyo nzito? Mtoto wa kutambaa anaizidi! Baba aliibeba mpaka mvi zikamwota masikioni, leo wewe unataka kuivua nguo uivike sufuria? Sema umezeeka tu, tukununulie mkongojo."

Benchi zima lilivunjika mbavu. Hata fundi alitabasamu, ingawa aliinamisha kichwa. Kaka hakucheka, wala hakukasirika. Alikirudisha kile kitako mezani taratibu, akaichukua bunduki yake, akatoka.

Siku ya kupanda ilipofika, Domo alikuta bunduki imeegemezwa mlangoni na kaka yake amekaa barazani ananoa mwiko.

"Nenda wewe," kaka alisema. "Mimi nitakaa."

"Umenuna kwa utani ule?"

"Sijanuna. Nenda."

Domo hakwenda. Alijifanya ana wateja wengi. Msimu ule ulipita, na wa pili ukaja. Asubuhi alipofungua duka aliitazama milima, ikawa inamwita kama mtu anayeita jina lake kwa mbali. Alimkumbuka kaka yake, ambaye kwa kweli aliishi nyumba ya pili tu na kila jioni walisalimiana. Na hapo ndipo palipomuuma: kumkumbuka mtu ambaye unamwona kila siku. Salamu zilikuwepo, mgongo ule uliotangulia njiani haukuwepo. Alitamani kunyamazishwa. Mashine ya kunyolea ilinguruma mkononi, naye akajikuta amesahau mzaha aliokuwa anausimulia.

Basi msimu ule wa pili alipiga moyo konde, akaichukua bunduki, akapanda peke yake.

Bondeni alipiga mluzi. Bunduki ilining'inia begani kama mfuko wa sokoni. Kwenye mwinuko wa kwanza aliihamishia bega la pili. Kwenye mwinuko uliofuata mkanda ulikuwa umekwisha kumla, na kila hatua kile kitako cha mti mgumu kilimgonga kiunoni. Alijikaza kisabuni. Jua likapanda naye, na kila lilivyopanda bunduki nayo iliongezeka, mpaka akaanza kuitukana kimoyomoyo. Hatimaye aliona jiwe lililomfikia kiunoni. Akalisogelea bila kufikiri, akakiegemeza kitako juu yake, akashusha pumzi.

Pale juu ya jiwe palikuwa na alama, mstari laini uliochakazwa na kitu kilichokuwa kimewekwa hapo mara nyingi sana.

Domo aliutazama. Kisha akakitazama kisiki kilichokuwa nyuma yake alikotoka, na jiwe jingine lililoonekana mbele. Alivijua vyote. Hapa ndipo kaka aliposema "Nyamaza". Pale ndipo alipoinua kidole. Hakuna cha kusikiliza mlima. Miaka yote ile mtu yule alikuwa anapumzisha bega lililokwisha kuliwa na matofali, na hakutaka mdogo wake ajue, kwa maana alimjua mdogo wake. Domo alikaa chini, akalia kwa sauti mpaka kwale waliokuwa majanini wakaruka. Hakufyatua hata risasi moja siku hiyo.

Aliporudi, hakwenda kwake. Alimkuta shemeji yake uani anaanua nguo.

"Shemeji, bega la kaka lina nini?"

Mke wa kaka alimtazama kana kwamba kauliza rangi ya maziwa. "Leo ndiyo unauliza? Kila mlipotoka huko milimani nilimkanda kwa maji ya moto. Nilimwambia, mpe mdogo wako abebe kidogo. Akasema, 'Yule anafurahi mno akiwa nyuma yangu, mwache.' Siku hizi hata shati namvalisha mimi. Usimwambie nimekwambia."

Kesho yake Domo hakufungua duka. Alikwenda kwa fundi na kuomba kitako kile cha kijivu, chenye mpira mnene nyuma. Fundi hakumfanyia mzaha. Alikipima, akakisugua, akakifunga, na kile cha baba akakifungia kwenye kitambaa kisipate vumbi. Bunduki ilipokamilika, Domo aliipeleka barazani, akaiweka mapajani mwa kaka yake. Njiani alikuwa amepanga maneno mengi.

"Nisamehe, kaka," ndiyo pekee yaliyotoka.

Kaka aliipapasa. Akasimama, akaiinua, akaiweka begani, akaulenga mlima. Uso wake ukakunjuka kama siku ile karakanani. Lakini mkono wa kushoto ulianza kutetemeka. Ukatetemeka zaidi, mtutu ukashuka kidogo kidogo mpaka ukaelekea chini, naye hakuweza kuurudisha. Domo aliupokea kabla haujagusa sakafu.

"Ni nyepesi," kaka alisema, akakaa. "Ni nyepesi sana. Kwa hii, msimu ule ningefika kileleni."

"Tutafika, kaka. Nitakubebea mimi. Tutakwenda polepole."

"Mimi nitaitazama milima kutoka hapa. Wewe panda." Macho yake yalikuwa huko juu ambako hatafika tena. "Wanao wanakua. Siku moja mmoja wao atakufuata. Akianza kukucheka, usimgombeze. Mpe aibebe kutwa nzima kwanza, ndipo azungumze."

Domo aliinama, akauweka mkono wake juu ya lile bega. Alilihisi chini ya shati, limekonda, limeshuka upande mmoja, na kumbe hakuwahi kuligusa maisha yake yote. Alikuwa akiliangalia tu kutoka nyuma, naye mikono mitupu. Hakika, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.