Droo Iliyoachiwa Mapema

Wapendwa, kulikuwa na fundi mmoja wa programu, mtu wa ndoto za mchana. Aliandika, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, programu ya kuwatumia wagonjwa majibu ya vipimo kwenye simu. Mama yake mwenyewe alikuwa akingoja majibu ya uvimbe wa titi, basi kazi hiyo aliipenda mno. Akikikodolea macho kioo cha kompyuta, kumbukumbu ya mashine aliiona kama ukumbi mpana wenye mwanga mwororo, ukuta mzima wa droo, na watumishi wanane wakipita bila kishindo. Mmoja anaweka jibu kwenye droo, mwenzake anakuja kulisoma na kulipeleka. Raha tupu!

Lakini C haina yaya, jamani. Droo unaifungua mwenyewe, unaiachia mwenyewe, na ukishaiachia anapewa mgonjwa mwingine papo hapo.

Binti aliyekagua kazi yake akamwambia, "Kaka, mtumishi huyu anaachia droo kabla mwenzake hajasoma. Atakuja kukuta jibu la mtu mwingine."

"Dada, usinitie presha. Nimejaribu mara elfu, inakubali."

"Umejaribu peke yako. Watu wakijazana je?"

"Aa, labda mara moja kwa mwaka," akasema, akarudi kwenye ukumbi wake.

Jumatatu moja watu walijazana. Saa nne asubuhi mama akapiga simu. "Mwanangu, niko salama! Wanajumuiya wako hapa, tunaimba!"

Machozi ya furaha yakamtoka fundi. "Nisomee, mama, nisikie."

"Hakuna saratani. Umri, miaka ishirini na mitatu." Mama akaangua kicheko. "Hee, hata umri wamenipunguzia!"

Yeye akaikumbuka ile droo: jibu lilikuwa la mtu mwingine.

Ndugu zangu, ungekuwa wewe ungemwambia nini, na nyimbo unazisikia kwenye simu? Na huyo mgonjwa wa miaka ishirini na mitatu, mwenye jibu lile, yeye amesoma nini asubuhi ile?

Sisi nasi ni wepesi wa kuachia. Baba anasema "mimi basi," anabeba begi, na mtoto bado anaishi kwa ahadi yake. Tunajitoa kimyakimya, tukijua kabisa kuna mtu ametuegemea. Kabla hujaachia, uliza ni nani bado ameshika. Wala usinitazame mimi. Jina la aliyekuegemea unalijua, na simu unayo mfukoni.