Aliyeifikisha Pikipiki ya Kangero

Mwenye sikio alisogeze, na mwenye haraka aketi kwanza, maana mwisho wa haya nitawataka neno, na sitaki mtu aseme alikuwa anawaza mambo mengine.

Chini ya milima ya Upare, upande wa mashamba ya mkonge, aliishi mama mjane jina lake Naetwe. Hakujaliwa kuzaa, lakini nyumba yake haikukosa kelele. Aliwalea watoto watatu wa kaka zake mpaka wakawa watu wazima wa kujitegemea.

Mbazi, mkubwa, alipewa jicho. Akimtazama ng'ombe mnadani anakwambia mguu gani uliwahi kuvunjika, na mwenye ng'ombe anakasirika kwa sababu ni kweli.

Senkondo alipewa vidole. Redio iliyonyamaza, kufuli lililogoma, saa iliyokataa kutembea, vyote vikipita kwake vinarudi na uhai.

Nakijwa, binti, mdogo wao wote, alipewa kiuno cha kukaa juu ya kitu kinachorukaruka. Alipokuwa mdogo alipanda punda bila tandiko, na aliyechoka wa kwanza ni punda.

Mume wa Naetwe, marehemu Kangero, alikuwa fundi wa mitambo katika shamba la mkonge. Mameneja wa zamani walipenda mbio za pikipiki za kuruka matuta, naye wakamwachia achague moja ashindane nao. Alishindana mara kumi na moja. Hakufika hata mara moja! Huku mnyororo umekatika, kule injini imezima, safari nyingine katolewa kwenye tope na watu wanne. Wakambandika jina, Bwana Njiani. Hata siku ya kumzika, Mzee Kinabo, Mchaga jirani yao, mtani wa kweli, alisimama kaburini akasema, "Haya jamani, leo Bwana Njiani kafika." Watu walicheka, ndiyo kazi ya mtani. Naetwe naye alicheka, ila neno hilo liliingia moyoni mwake likavuta kiti likakaa.

Miaka ikaenda. Shamba likapata meneja mpya, akawa anasafisha stoo. Humo mlikuwa na pikipiki tatu za enzi zile. Akamwita Naetwe, akamwambia, "Mama, mzee alitumikia hapa miaka thelathini. Chagua moja, iwe kumbukumbu yake. Moja tu."

Na mwezi uliofuata palikuwa na mbio za pikipiki kongwe, za mizunguko mlimani na bondeni. Naetwe akawaita watoto wake, mbele ya majirani, akasema neno. Lisikilizeni vizuri, maana kesi yote imo humo: "Nataka pikipiki ya Kangero ifike. Atakayeifikisha, ni yake."

Wakaenda stoo. Ya kwanza ilikuwa nyekundu, kubwa kama fahali. Ya pili ya buluu, inang'aa mpaka unajiona meno. Ya tatu ilikuwa na tanki lililobonyea, kiti kimechanika, na kuku alikuwa ameitagia.

"Hiyo nyekundu," akasema Senkondo. "Injini kubwa hiyo."

"Ya buluu," akasema Nakijwa. "Nikianguka, niangukie kitu kizuri."

Mbazi alichuchumaa akaomba uzi wa katani. Akaunyoosha kutoka gurudumu la nyuma mpaka la mbele, kwa kila pikipiki. Ile ya buluu, uzi ukaenda upande. "Hii ilipinda chesisi, uti wa mgongo wake, wakaficha kwa rangi," akasema. Akaishika ile nyekundu, akaitikisa. "Nzito. Na breki yake ya mbele ni ya sahani, mtu aliibadilisha. Sheria ya mbio inataka breki za dramu, shokapu mbili nyuma, injini ya kupozwa na upepo. Wataikataa mlangoni." Mwisho akamwondoa kuku, akaibonyeza kiki ya kuwashia ya ile mbovu polepole kwa mkono, akasikiliza inavyomsukuma. "Hii ina pumzi. Shangazi, tubebe hii."

"Hiyo, mwanangu?" Naetwe akashika kiuno. "Hata Kangero angeikataa."

"Shangazi, mjomba alikuwa anachagua kwa rangi. Ndiyo maana hakufika."

Naetwe alitaka kukasirika, mwisho akashika usukani mwenyewe. Wakaibeba.

Nyumbani, ikakataa kuwaka. Ikiwaka, inamwaga petroli. Senkondo akafungua kabureta, akatoa boya lake, kile kidude kinachoelea ndani kupima petroli. Lilikuwa limepasuka. Akazunguka Same, akapanda basi mpaka Moshi, akarudi mikono mitupu. Maboya ya namna ile hayatengenezwi tena. Basi akachukua vizibo vya chupa, vile vya gome, akachonga kwa wembe. La kwanza likazama. La pili likaegemea upande. La saba likaelea, lakini likanyonya petroli likavimba. La nane akalipaka gundi kali, tabaka juu ya tabaka, akalianika siku mbili. Nakijwa akawa anapita akimtania, "Kaka, unachonga boya au unachonga mke?"

"Nachonga kitu kitakachonisikiliza. Mke atakuwa kama wewe."

La nane likakaa. Injini ikalia, kuku wote wakahama uani.

Siku ya mbio Naetwe alijifunga kanga mbili, akasimama karibu na mstari wa mwisho. Hakutazama mtu. Pikipiki ishirini, Nakijwa akiwa juu ya ile mbovu, ziliondoka kwa mshindo mmoja.

Bondeni palikuwa na tope. Pikipiki nzito, za wanaume wenye vifua, zikazama mpaka kwenye mnyororo. Ile mbovu, kwa wepesi wake, ikapita juu kama mbuzi. Watu wakasema, "Aliyeichagua hii ana jicho."

Kilimani njia ilisimama kama ukuta. Pikipiki zikiinama namna ile, petroli ndani ya kabureta inahama; nyingi zikakohoa, zikazima. Ile mbovu ikapanda bila kukohoa. Watu wakasema, "Aliyeitengeneza hii ana mkono."

Mzunguko wa mwisho, Nakijwa akatua vibaya kutoka kwenye tuta, na kikanyagio cha mguu wa kulia kikakatika. Naetwe aliona mguu wa binti ukining'inia hewani. Kimya kimya akasema, "Usibaki njiani, mama. Usibaki njiani." Nakijwa akasimama kwa mguu mmoja, goti la pili akalibana kwenye tanki lililobonyea, akaruka matuta tisa yaliyobaki hivyo hivyo. Akavuka mstari wa mwisho akiwa wa kwanza. Watu wakasema, "Aliyeipanda hii ana roho ya chuma."

Naetwe alilia. Mzee Kinabo naye alifuta macho, akasingizia vumbi.

Jioni ile wakakaa uani. Sasa sikilizeni.

"Mimi ndiye niliyeifikisha," akasema Mbazi, kwa upole tu. "Ningewaacha, mngeleta ile nyekundu ikakataliwa mlangoni, au ya buluu yenye chesisi iliyopinda. Safari ilianzia stooni."

"Ulichagua chuma kilichokufa," akasema Senkondo. "Jicho halichomi petroli, kaka. Boya la nane ndilo lililoifikisha."

Nakijwa alikuwa ameloweka mguu kwenye maji ya chumvi. "Basi ingekwenda yenyewe, na lile boya lake," akasema. "Kilipokatika kikanyagio mlikuwa wapi? Mmoja alikuwa anakula muwa."

"Nilikuwa na wasiwasi!" Mbazi akajitetea.

"Wasiwasi unatafunwa?"

Mzee Kinabo akacheka mpaka akakohoa. "Wapare nawajua. Kesho mtauza mbuzi mwende mahakamani. Nipeni mimi mtani, yaishe."

"Nyamaza wewe, usije ukarudi kwako bila viatu," Naetwe akamwambia, naye akicheka. Lakini cheko halikushuka mpaka tumboni.

Maana hakuna mwenye tamaa pale. Mbazi anabaki hapo na shamba, anataka aitunze isiguswe na mvua. Senkondo anahamia Tanga kufungua karakana, anataka iwe mlangoni, watu waone kazi ya mikono yake. Nakijwa anakwenda Moshi kwenye mbio kubwa, na hana nyingine ya kupanda. Sehemu tatu, pikipiki moja. Na Naetwe hawezi kuirudisha kwake, alisema mbele za watu.

Kesho yake asubuhi wenye mbio wakaleta karatasi ya kuandikisha ushindi. Pale palipoandikwa "mwenye pikipiki" pana mstari mmoja, wa jina moja. Naetwe hajui kuandika, kwa hiyo karani ameshika kalamu anangoja mdomo wake. Watoto watatu wamesimama nyuma yake, kila mmoja ameapa kwamba atakayetajwa, atampa mkono. Naetwe amefungua mdomo, ameufunga.

Kufikisha ni kufanya kitu kifike. Aliichagua mmoja, aliifufua mmoja, aliivusha mmoja. Karani anasema, "Mama, nasubiri jina."

Haya, nyie mlioketi hapa: kama mdomo ule ungekuwa wenu, mngetaja nani?