Nusu Kifuniko

Wapendwa, hebu tumtazame mama mmoja mfugaji. Ng'ombe wake mkubwa alikuwa ameacha kutoa maziwa kwa uzee, kwa hiyo tumaini lote la nyumba lilikuwa kwa mtamba wake, mwenye mimba ya kwanza.

Dawa ya kupe imeandikwa wazi: kifuniko kimoja kwa ndoo moja ya maji. Yeye, miaka nenda miaka rudi, alitia nusu. Msicheke! Hata ninyi, wageni wakizidi, mnaongeza maji kwenye mchuzi. Alitaka chupa isiishe mapema. Na kupe walianguka kweli, wakabaki watatu, wanne, ndani ya sikio la ng'ombe.

“Jirani, hao mbona umewaacha?” mwenzake alimuuliza.

“Hao wachache watanifanya nini?”

Jamani, kupe aliyesalimika hukaa bure? Si huzaa? Mwaka wa pili walibaki wengi zaidi. Wa tatu wakajaa hadi chini ya mkia. Sasa hofu ikamwingia. Akatia kifuniko kizima. Akatia viwili. Kupe wakaoga, wakatulia pale pale. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, alikwenda kumpapasa mtamba chini ya masikio, akiogopa atakachogusa. Siku moja akagusa uvimbe. Tezi zimetuna, mwili unachoma, majani hayataki.

Akamwita bwana mifugo. “Daktari, dukani wameniuzia dawa feki!”

Bwana mifugo akaigeuza chupa, akasoma tarehe, akatikisa kichwa. “Dawa ni nzima, mama. Kupe ndio waliobadilika.”

“Kupe anabadilikaje?”

“Mmoja habadiliki. Ila wewe kila wiki uliwaua walegevu, ukawaacha wagumu wazae na wagumu wenzao. Hawa ni vitukuu wao. Miaka yote hii ulidhani unafuga ng'ombe. Ulikuwa unafuga kupe.”

Mtamba alikufa kwa homa ya kupe siku ya tatu, na ndama tumboni.

Ndugu zangu, mimi naogopa, na sioni haya kusema. Naogopa kwa sababu sisi tunatubu hivyo hivyo. Tunaacha matusi ya barabarani, tunabakiza yale ya chumbani. Tunasamehe ukoo mzima isipokuwa shemeji mmoja. Kisha mwakani tunafunga na kukesha kwa maombi, dhambi haitikisiki, tunasema maombi siku hizi hayana nguvu. Hayana nguvu, au ni sisi tuliomlea huyu adui kwa mikono yetu?

Yuko baba hapa amemwomba mkewe msamaha juzi, akalia machozi ya kweli, akafuta majina yote ya wanawake wa nje kwenye simu. Amebakiza moja. Ameliandika “Fundi Bomba”. Baba, sikutaji. Toa simu yako sasa hivi, kabla hatujasimama kuimba.