Jina la Arobaini na Moja

Sikieni habari ya dada mmoja, wapendwa, ambaye mkate wake ulitokana na kutoamini. Mafundi wa kompyuta walimletea programu zao wakisema ziko tayari, naye kazi yake ilikuwa kuzisumbua mpaka zikiri makosa.

Siku hiyo aliletewa programu ya zahanati. Iliipitia orodha ya wagonjwa wa kisukari jina moja moja, kama mtu anayevuta shanga za rozari, ikimtumia kila mmoja ujumbe kwamba sindano zake zimefika, azifuate kabla ya saa kumi, maana zinazobaki hurudishwa mkoani. Na kwa kuwa umeme wa mji ule haukuwa wa kutegemewa, programu ilijiwekea alama mahali ilipofika. Umeme ukikatika na kurudi, isianze upya wala isiruke mtu.

Ilikuwa ianze kazi kesho yake. Fundi alikwisha kuvaa koti. Alisema ameizima na kuiwasha mara ishirini, haijakosea hata mara moja. Dada akamwuliza alikuwa akiizimaje. Akaeleza kwamba alingoja kila ujumbe ufike, kisha akabonyeza kitufe.

"Kaka," dada akasema, "kwani umeme wa kwenu hubisha hodi kabla ya kukatika?"

Akaianzisha mwenyewe. Programu ilipokuwa katikati ya jina la arobaini na moja, akachomoa waya ukutani. Akauchomeka tena. Programu ikaamka, ikasoma alama yake, ikaendelea. Simu ya majaribio iliyokuwa mezani, iliyopokea ujumbe wote badala ya wagonjwa, ilikuwa imepokea ujumbe wa arobaini. Sasa ikapokea wa arobaini na mbili.

Mnaona ilivyokuwa? Programu iliweka alama ilipoliokota jina, si ilipokwisha kulifikisha. Dada alimweleza fundi mara moja kwa upole, na mara ya pili bila upole. Fundi akabisha kwamba alama ikiwekwa baadaye, na umeme ukakatika ujumbe umekwisha kutoka, mtu ataitwa mara mbili, na watu wa zahanati watalalamika.

"Aliyeitwa mara mbili atanung'unika. Ambaye hakuitwa hatanung'unika, kwa sababu hajui."

Fundi akashusha pumzi. Watu mia sita, akasema, na wao wamekaa hapa kubishania mmoja. Basi huyo mmoja atampigia simu yeye mwenyewe, kwa vocha yake.

"Mpigie," dada akasema. "Yupi?"

"Si huyo wa arobaini na moja?"

"Huyo nimemruka mimi, mbele ya macho yako. Kesho umeme utakatikia kwa mwingine, na hutakuwapo. Nionyeshe utamjuaje."

Fundi akafungua orodha. Majina yote mia sita yalikuwa na alama ya vema. Hata la arobaini na moja lilikuwa nayo, safi kama yale mengine. Akaishusha orodha hadi mwisho, akaipandisha tena. Kisha akavua koti, akaketi.

Sasa tuje kwetu. Tulipomzika mke wangu, wengi wenu mlinishika mkono pale kaburini, mkasema, "Tutakuja." Siwalaumu, maana najua mlisema kwa moyo. Na moyo ukaweka alama palepale. Mimi ni yule yule. Mwaka jana nilimwambia mjane mmoja wa jumuiya yetu kwamba nitapita kwake, nikaondoka nimetulia kabisa, kana kwamba nimekwisha kupita. Nilipokwenda juzi nilikuta mlango una kufuli na majani yamefika kizingitini. Jirani akaniambia alihama tangu Kwaresima, na hakuna hata mmoja wetu wa jumuiya aliyejua.

Ni wangapi tumewaokota tukadhani tumewafikisha? Mgonjwa tuliyesema tutamwombea. Kijana tuliyesema tutamtafutia kazi. Tunapata wapi amani hii ya kulala?

Utaniuliza, nitamjuaje niliyemruka? Hutamjua, ndugu yangu. Orodha yako itakwambia umefika kwa wote. Kwa hiyo, rudi kwa wote. Na mwenye nyumba akikushangaa, akisema mbona ulikuja juzi tu, usione haya. Kaa, unywe chai.