Karatasi ya Manjano

Nyani hucheka kundu la mwenziwe kwa sababu lake limekaa nyuma, asikoweza kulitazama. Wahenga waliposema hivyo hawakuwa na habari na wanyama. Walimsema Tokunaga, ingawa hawakuwahi kufika Tokyo.

Tokunaga alikuwa mkuu wa wachoraji katika studio ya filamu za katuni mtaani Suginami. Kwa miaka thelathini sura za wahusika alizibuni yeye, na makosa ya wengine aliyasahihisha yeye. Wachoraji wote walitumia karatasi nyeupe. Yeye peke yake alitumia ya manjano: aliiweka juu ya nyeupe, akachora upya, na kilichokuwa kwenye manjano ndicho kilichofika kwenye filamu. Ulimi wake nao ulikata kuliko wembe.

Siku ya kukagua filamu mpya, wote walikaa mbele ya skrini. Binti wa katuni aligeuka kumuaga mamaye. Uso ulikuwa mkavu, jicho moja limeshuka.

"Simamisha hapo," Tokunaga alisema. "Hii kazi ya nani?"

"Yangu, Mwalimu," alijibu Mizuho, mchoraji mgeni kuliko wote.

"Huyu anamuaga mama yake au anaumwa jino? Iwabuchi, kesho huyu asije."

Mizuho aliinama mpaka nywele zikagusa meza. "Naomba radhi, Mwalimu." Pale studioni mdogo hamkosoi mkubwa mbele za watu.

Iwabuchi, meneja, alijaribu kuzima moto. "Mwalimu, yaishe. Tutarekebisha kimyakimya."

"Yaishe vipi? Lete bahasha ya michoro yake. Wote waone, wajifunze."

Bahasha ililetwa. Tokunaga akachomoa mchoro wa juu, akauinua juu ya kichwa chake.

Hakuna aliyecheka. Watu walipigwa na butwaa, midomo wazi. Tokunaga aliyafuata macho yao hadi mkononi mwake. Karatasi ilikuwa ya manjano.

Alichungulia ndani ya bahasha, na kwenye karatasi nyeupe ya Mizuho yule binti alikuwa akitabasamu huku machozi yanamlengalenga. Alikuwa hai. Mkono wa Tokunaga ndio uliomuua, na jicho lake halikuona kitu.

"Keti, Mwalimu," Mizuho alisema, akimsogezea kiti. "Chai yako inapoa."

Aliketi. Alikunywa funda moja, akakirudisha kikombe mezani.

"Iwabuchi," alisema kwa sauti ya mgonjwa, "tumieni ile nyeupe. Na kesho Mizuho aje."

Hakika, nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe.