Kengele ya Tatu ya Bwana Wadilo

Hapo zamani, enzi za yule Malkia wa Waingereza aliyevaa nyeusi miaka nenda miaka rudi, palikuwa na Mzungu mmoja huko Bonde, upande wa Tanga, jina lake Bwana Wadilo. Sogeeni karibu. Na wewe unayesinzia kule nyuma, leo nitakuuliza wewe wa kwanza.

Bwana Wadilo alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya misheni, shule ya mlimani yenye ukuta wa mawe na lango moja tu. Na alivyopenda kengele mtu yule! Ya kwanza, amkeni. Ya pili, naweni. Ya tatu, lango linafungwa, na likishafungwa haingii mtu mpaka adhuhuri. "Hata mimi nikichelewa, nifungieni," alikuwa akisema. Siku moja akachelewa kweli, akafungiwa, akakaa nje juu ya jiwe akisahihisha madaftari magotini. Alifurahi mpaka watu wakamwonea wasiwasi.

Basi askofu wa wakati ule, mzee wa ndevu nyeupe, akaamua kuja kuitazama shule bila kutoa taarifa. Akapanda mlima kwa miguu, kanzu imejaa matope, msalaba ameutia mfukoni. Akafika kengele ya tatu imeshalia zamani. Na mvua, jamani, ikaanza!

Akabisha. Mdoe, bawabu wa lango, akachungulia tunduni. "Nani?"

"Mimi ni askofu."

"Na mimi ni bawabu," akasema Mdoe. "Kengele imelia, baba. Hata mwenye shule hukaa kwenye jiwe lile pale. Karibu jiwe."

Mzee akakaa. Bi Blandina, mpishi, akamwona kutoka jikoni, roho ikamuuma. Akachota bakuli la uji, akapanda juu ya kuni, akaruka ukuta, mama mzima na kanga zake, sheria akaitupa huko! "Kunywa, mzee wangu, usije ukatufia hapa."

Mzee akazunguka ukuta na bakuli lake mpaka akafika dirisha la darasa lililotazama nje ya ukuta. Ndani, Mwalimu Semhando anafundisha habari za Nuhu na gharika. Mzee akatia kichwa: "Mlango wa safina aliufunga nani?"

Semhando hata hakushtuka. "Mzee, darasani kwangu anayetaka kusema hunyoosha mkono."

Mzee akanyoosha mkono, akaruhusiwa, akauliza tena. Darasa zima likajibu, "Mungu mwenyewe!" Mzee akacheka mpaka uji ukamwagika.

Adhuhuri lango likafunguliwa. Bwana Wadilo akamwona mgeni, akamtambua. Akamkimbiza ndani akavae nguo kavu, kisha akatoka mbio kumwendea Mdoe. "Nipe funguo! Umemfungia nje askofu! Toka!" Mdoe akatoa funguo. Nyumba ya bawabu akaiacha siku ileile, akaenda na mkewe kukaa ukweni. Na mwanamume kukaa ukweni mnakujua: hata kukohoa unaomba ruhusa.

Miezi ikapita. Mzee akachoka na kazi, akawaandikia barua wakubwa wa kanisa. "Nilifungiwa nje, nikalishwa uji, nikaambiwa ninyooshe mkono. Sijaona shule kama ile. Mwalimu wake mkuu na awe askofu baada yangu."

Bwana Wadilo aliposomewa barua ile furaha ilimjaa. Kisha akamkumbuka Mdoe, fedheha ikamshika. Je, alimwita? Wapi! Kila asubuhi alisema kesho. Makosa ya watoto wa watu aliyasahihisha kwa wino mwekundu, la kwake likamshinda.

Sasa, misheni ile ilikuwa na desturi. Siku ya kumsimika askofu mpya, mlango wa kanisa hufungwa, naye husimama nje abishe kwa fimbo yake mara tatu. Hutaja jina la mtu mmoja aliye ndani, mtu huyo ndiye humfungulia, na toka siku hiyo hupewa kukaa nyumba ya mawe kando ya kanisa mpaka kufa kwake. Na asipotaja jina, baada ya kubisha mara ya tatu, anarudi alikotoka.

Siku ikafika. Askofu Wadilo akasimama nje na vazi zito, jua la saa sita linamchoma. Akabisha mara ya kwanza. Ndani akasikia watu wanasukumana.

"Atanitaja mimi!" akasema Bi Blandina. "Bila uji wangu yule mzee angeondoka na homa na hasira, barua ingetoka wapi? Na paa langu linavuja."

"Uji ni uji," akasema Mwalimu Semhando. "Shule ni masomo. Mzee alicheka darasani kwangu. Mimi nimefundisha humo miaka kumi na minne, na juzi kiti cha mwalimu mkuu wamempa kijana aliyeletwa kutoka Uingereza. Hata mlango nisifungue?"

Askofu akabisha mara ya pili. Jasho linamtiririka. Akasikia sauti ya tatu, ya taratibu, ambayo hakuwa ameisikia tangu siku ya funguo.

"Mimi nilifunga," akasema Mdoe. "Aliniambia nifunge, nikafunga. Wenzangu walisifiwa, mimi nikafukuzwa. Leo anataka kuingia. Na aseme."

Askofu akahisi uso unamwaka. Akimtaja Mdoe, watu watasema ananunua msamaha kwa nyumba ya kanisa. Akimtaja Blandina, amemtuza aliyevunja sheria yake. Akimtaja Semhando, amemfuta machozi mtu aliyeona mzee ananyeshewa dirishani, akaendelea kufundisha.

Akainua fimbo mara ya tatu. Mlango ukagongwa, ko!

"Jina, Baba Askofu!" wakasema watu wote ndani.

Akafungua kinywa.

Haya, wewe uliyekuwa unasinzia, amka. Fimbo imeshagonga, na mtu yuko nje juani. Je, nani alistahili kumfungulia?