Pimbi Aomba Kusindikizwa

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakibishiana hodi kama sisi, Kindi ndiye aliyemletea Pimbi habari.

"Dada, nimemwona Sikudhani wako kwa Bi Fisi. Anatwanga kwenye jua la utosi, twi, twi, twi. Viganja vimechubuka. Na wale watoto wanne wengine aliowachukua ni hivyo hivyo."

Pimbi aliacha kupepeta. Mwezi uliopita Bi Fisi alimchukua mtoto wake yule, akasema anakwenda kumlea.

"Kamwambie amemfanya mtumwa," Kindi alisema.

"Nikilitamka neno hilo, nitafukuzwa kisimani."

Ndiyo sheria ya Mzee Nyati, mkuu wa kisima: mwenye kutamka neno la kuumiza hateki maji. Na Pimbi aliipenda sheria ile. Zamani walimcheka kila siku kwa kukosa mkia. Sasa hakuna aliyethubutu. Lakini Bi Fisi naye alikuwa amejifunza kufunika mambo yake kwa maneno laini.

Pimbi alifikiri mpaka uji ukaungua. Kisha akajifunga kanga safi. Siku ile Mzee Nyati alikuwa amealikwa chakula kwa Bi Fisi.

"Hodi hapa."

"Karibu, mama mwenzangu. Habari za huko?"

"Njema. Nimekuja kuwasalimu tu."

Sikudhani alipita na mtungi, macho chini. Pimbi aliviona viganja vyake. Hata hivyo akatabasamu.

"Bi Fisi, wako wanaosema eti umepata msaidizi."

"Nani huyo? Huyu ni binti yangu, sawa na niliowazaa."

"Binti wa nyumba hii kabisa?"

"Kabisa."

"Basi adabu zote za nyumba anazijua."

"Hakuna asiyoijua," Bi Fisi alijigamba.

Wakala, wakanawa. Pimbi akasimama, akaaga. Akafika mlangoni, akasubiri kidogo, kama mtu anayetafuta ndala zake.

Mzee Nyati akamgeukia mwenyeji. "Mgeni anaondoka. Binti wa nyumba hamsindikizi?"

Bi Fisi alitazama vyombo vichafu, akatazama kinu. "Ana kazi kidogo, mzee."

"Kazi gani inayompita mgeni? Si umesema ni binti yako?"

Bi Fisi akamwita Sikudhani. "Msindikize, mwanangu. Ukifika kwenye mkwaju, urudi."

Chini ya mkwaju Sikudhani alisimama. "Mama, nirudi?"

"Umenisindikiza vizuri. Sasa ni zamu yangu nikusindikize wewe. Twende nyumbani."

Jioni walikutana kisimani, watu wamejaa.

"Binti yangu hajarudi," Bi Fisi alisema.

"Anapumzika kwa mama yake mwingine," Pimbi alijibu kwa upole. "Au kuna kazi inayomngoja?"

Mzee Nyati aliinua kichwa, asikie jibu. Bi Fisi akajitwika mtungi wake mwenyewe, maji yakimmwagikia shingoni.

Nyumbani, Pimbi alimpaka mwanawe mafuta viganjani. "Maneno mazuri ni ya kumtunza mtu," alimwambia, "si ya kuficha anavyoteswa."

Kesho yake asubuhi alibisha hodi kwa akina mama wa wale watoto wanne wengine, mlango kwa mlango, akawaambia wajifunge kanga safi, wanakwenda kumsalimu Bi Fisi.